Masafa, Lugha na Siri: Mawasiliano ya Redio ya Kijeshi katika Vita vya Katanga, 1960–1963

1. Utangulizi

Historia ya kujitenga kwa Katanga imekwisha kuandikwa kwa njia nyingi. Wapo walioiandika kama historia ya shaba na ya Union Minière; wapo walioiandika kama historia ya Tshombe, Lumumba na Hammarskjöld; na wapo walioiandika kama historia ya mamluki na ndege zao. Makala haya yanashika njia nyembamba zaidi. Yanakusudia kuchunguza jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo halikuacha kovu hata moja katika kuta za mji wetu, ingawa liliamua mambo mengi: mawimbi ya redio yaliyobeba amri za majeshi kati ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo), Jadotville (Likasi), Kolwezi, Kamina na Léopoldville (Kinshasa) kati ya Julai 1960 na Januari 1963.

Maswali yetu ni matatu. Kwanza, ni nani aliyekuwa na haki ya kugawa masafa katika nchi ambayo uhalali wake wenyewe ulikuwa ukipiganiwa? Pili, masafa ya kijeshi hupangwa vipi, na mazingira ya Katanga yaliwalazimisha wapangaji kufanya nini? Tatu, lugha ilikuwa na nafasi gani katika kuilinda au kuifichua siri? Swali hili la tatu ndilo linaloileta mada hii katika kurasa za taarifa ya taaluma za Kiswahili. Tutadai kwamba ujumbe wa redio hulindwa na ngome tatu, yaani masafa, fumbo na lugha, na kwamba ngome ya lugha, ambayo majeshi mengi huiona kuwa ya bure na ya hakika, ndiyo iliyo rahisi kubomoka mahali ambapo watu wanaishi pamoja.

2. Neno “masafa” na matatizo yake

Kabla ya kuingia katika historia hatuna budi kusafisha chombo chetu. Katika Kiswahili cha redio neno linalotumika zaidi ni “masafa”. Maana ya asili ya neno hili, lililotoka katika Kiarabu, ni umbali: husemwa mtu amesafiri masafa marefu. Watangazaji walipohitaji neno la kutaja aina za mawimbi walilichukua neno hilohilo, wakasema “masafa mafupi”, “masafa ya kati” na “masafa marefu”, wakikusudia urefu wa wimbi. Baadaye neno hilo likabebeshwa maana ya tatu, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi.

Matokeo yake ni mkanganyiko wa ajabu. Wimbi likiwa fupi, mitetemo yake huwa mingi. Mitetemo ikiwa michache, wimbi huwa refu. Wimbi lenye megahezi 6 lina urefu wa mita 50. Lenye megahezi 30 lina mita 10 tu. Kwa hiyo mkanda ulio kati ya megahezi 3 na 30 huitwa “masafa mafupi” na mwenye kufikiria urefu wa wimbi, na huitwa “masafa ya juu” na mwenye kufikiria mitetemo. Juu ya hayo, mkanda huohuo “mfupi” ndio unaofika mbali kuliko mingine yote. Mwanafunzi anayesoma kwamba jeshi fulani lilitumia “redio ya masafa mafupi” anaweza kudhani kwamba redio hiyo ilisikika karibu tu, kumbe ndiyo iliyosikika kutoka Elisabethville hadi Léopoldville na hata Ulaya.

Mjini kwetu tatizo hili halijitokezi sana, kwa kuwa mazungumzo ya kila siku hukopa kutoka Kifaransa. Hata hivyo mwandishi wa Kiswahili sanifu hawezi kulikwepa. Katika makala haya tutatumia “masafa” kwa maana ya idadi ya mitetemo peke yake, “urefu wa wimbi” kwa urefu wake, na “umbali” kwa nafasi iliyopo kati ya mahali na mahali.

3. Simu ya upepo kabla ya mwaka 1960

Elisabethville ulizaliwa ukiwa umeelekea kusini. Reli iliyotoka Rhodesia ilifika mjini mwaka 1910, na waya wa telegrafu uliandamana na reli hiyo. Boma, makao makuu ya koloni wakati ule, yalikuwa upande wa pili wa nchi, mwendo wa majuma mengi kwa meli za mito na kwa miguu. Kwa serikali ya Brussels hali hiyo haikuwa tabu ya posta tu. Mkoa ambao unaweza kuzungumza na Cape Town kwa urahisi kuliko na makao makuu yake ni mkoa unaoweza kuponyoka.

Ndipo wakoloni walipogeukia simu ya upepo. Kwa kuungwa mkono na Mfalme Albert I, mwanasayansi Robert Goldschmidt alisimamia kazi ya kujenga msururu wa vituo vilivyopokezana ujumbe kutoka pwani ya Atlantiki, kufuata Mto Kongo na Lualaba, hadi Elisabethville. Msururu huo ulikuwa umefika Katanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kituo cha Laeken, karibu na Brussels, ambacho kilikusudiwa kuzungumza na koloni moja kwa moja, kiliharibiwa na Wabelgiji wenyewe mnamo Agosti 1914 ili kisiangukie mikononi mwa Wajerumani.

Vita hivyo vilionyesha mapema kwamba mnara wa redio ni shabaha ya kijeshi kama ilivyo ngome. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Katika miaka hiyo hapakuwa na tatizo kubwa la kugawa masafa, kwa kuwa vituo vilikuwa vichache. Mitambo ya zamani iliyotumia cheche ilitapanya mawimbi yake katika mkanda mpana, na njia ya kuepuka kugongana ilikuwa kupeana zamu. Ugawaji halisi ulikuja pale mitambo ilipoweza kushika masafa membamba na vituo vilipozidi kuwa vingi. Mkutano wa Washington wa 1927 ulipanga orodha ya mikanda kwa huduma mbalimbali, na ule wa Atlantic City wa 1947 uliigawa dunia katika kanda tatu, Afrika ikiwekwa pamoja na Ulaya katika kanda ya kwanza, na kuunda Bodi ya Kimataifa ya Usajili wa Masafa.

4. Masafa bila dola

Sheria iliyotawala wakati wa vita vya Katanga ni Kanuni za Redio zilizotungwa Geneva mwaka 1959 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 1961, chini ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, unaojulikana hapa kwetu kwa kifupi cha Kifaransa, UIT. Mambo mawili katika utaratibu huo yanatuhusu.

La kwanza ni kwamba majeshi yalikuwa na nafasi ya pekee. Mkataba wa UIT uliyaachia mataifa wanachama uhuru kamili kuhusu mitambo ya redio ya majeshi yao ya nchi kavu, majini na angani. Yalitakiwa tu, kadiri iwezekanavyo, kuheshimu kanuni za kusaidia walio katika hatari na za kuepuka kuvuruga mawasiliano ya wengine. Kwa maneno mengine, masafa ya kijeshi ni suala la ndani la dola. Dola hukata sehemu ya mkanda, hulikabidhi jeshi, na haidaiwi kueleza zaidi.

La pili ni kwamba mlango wa utaratibu huo ni dola yenyewe. Anayetoa taarifa ya masafa kwa Bodi ni serikali ya nchi mwanachama. Anayepewa herufi za utambulisho wa vituo ni nchi mwanachama. Vituo vya Kongo ya Kibelgiji vilijulikana kwa herufi OQ, zilizotoka katika fungu la Ubelgiji. Baada ya uhuru Kongo ilipata alama yake yenyewe, 9Q, ambayo mpaka leo ndiyo inayotangulia majina ya vituo vyetu. Umoja wa Mataifa nao una alama yake, 4U.

Sasa tuitazame Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba mkoa huo umejitenga. Katanga ikawa na bendera, fedha, stempu na jandarmeri. Haikutambuliwa na taifa lolote. Basi haikuweza kuwa mwanachama wa UIT, haikuweza kuandikisha masafa hata moja kwa jina lake, wala kupewa herufi zake. Kila mtambo uliowashwa na majandarme ulisimama juu ya masafa ambayo, kwa sheria ya kimataifa, yalikuwa ya Kongo.

Je, jambo hili lilikuwa na uzito wowote vitani? Kwa upande mmoja, hapana: wimbi halimwulizi mtu cheti. Kwa upande mwingine, lilikuwa na uzito mkubwa. Mwenye masafa yaliyoandikishwa anaweza kulalamika akivurugwa. Asiye nayo hana wa kumlalamikia. Tena, Katanga ilirithi mitambo, mafundi na mazoea ya utawala wa zamani. Mtu aliyeyajua mazoea hayo, naye angeweza kuwa Léopoldville, Brussels au katika ofisi za Umoja wa Mataifa, alijua pia pa kuanzia kutafuta. Masafa yaliyorithiwa ni kama mlango ambao ufunguo wake wanao majirani wote.

5. Mpango wa masafa: mchana, usiku na jua

Mtu asiyekuwa fundi hudhani kwamba kupanga masafa ni kugawa namba kama kugawa vyumba. Kwa kweli ni kazi inayofanana zaidi na ya mkulima anayepanga mbegu kwa majira. Mpangaji huanza kwa kuorodhesha mitandao: makao makuu na vikosi, kikosi na vituo vyake vya nje, uwanja wa ndege na ndege zake, wahudumu wa chakula na wa hospitali. Kila mtandao huupa masafa ya kufanyia kazi na masafa ya akiba, na huhakikisha kwamba mitandao jirani haisongani. Kisha hupanga saa za kuita, alama za wito, na siku ambayo vyote hivyo vitabadilishwa. Hapo ndipo anapokutana na umbali, na baada ya umbali, na anga lenyewe.

Redio za masafa ya juu sana, zile ambazo askari huzibeba mgongoni au kuzifunga katika gari, husikika mpaka upeo wa macho au zaidi kidogo. Zinatosha ndani ya mji. Lakini Jadotville ipo yapata kilomita 120 kutoka Elisabethville. Kolwezi ipo zaidi ya kilomita 200. Léopoldville ipo zaidi ya kilomita 1,500. Kwa umbali huo sharti mtu atumie mkanda wa megahezi 3 hadi 30, ambao mawimbi yake hupanda hadi tabaka la ionosfia na kurudishwa chini. Tabaka hilo hutengenezwa na mwanga wa jua. Mchana linakuwa nzito na hurudisha masafa makubwa. Usiku linakuwa jepesi, na masafa yaliyofaa adhuhuri hupenya na kupotelea angani. Kwa sababu hiyo kila njia huhitaji angalau masafa mawili, moja la mchana na jingine la usiku, na opereta wa pande zote mbili wahame kwa saa ileile. Mmoja akichelewa, wote wawili huwa viziwi.

Kuna mtego mwingine. Mtu akichagua masafa makubwa mno kwa umbali mdogo, wimbi lake la angani huanguka mbali, kupita kichwani mwa anayelingojea, na wimbi linalotambaa ardhini huwa limekwisha kufa njiani. Katikati hubaki eneo la kimya. Mji ulio kilomita 120 huweza kuwa ndani ya eneo hilo, hali mji ulio kilomita 1,000 ukisikia vizuri. Hapa pana funzo la usalama: ujumbe uliokusudiwa jirani unaweza kumkosa jirani na kumfikia mgeni.

Mwishoni kuna jua lenyewe, ambalo lina mzunguko wake wa takriban miaka 11. Upeo wa 1957 na 1958 ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa. Kutoka hapo nguvu ya jua ilipungua mfululizo mpaka ikafika chini mwaka 1964. Maana yake ni kwamba vita vya Katanga vilipiganwa wakati ionosfia ikidhoofika mwaka hadi mwaka. Mpango uliofaa katika miaka ya mwisho ya ukoloni haukuweza kufaa vilevile mwaka 1962. Mitandao ililazimika kushuka kuelekea masafa madogo, hasa usiku, na huko chini nafasi ni finyu. Kila aliyeshuka alikutana na wengine walioshuka, pamoja na ngurumo za radi za majira ya mvua, ambazo ndiko zinakosikika zaidi. Kadiri mkanda unavyokuwa mfinyu, ndivyo ilivyo rahisi kwa msikilizaji wa siri kumpata amtakaye.

6. Mnara wa Babeli wa Umoja wa Mataifa

Upande wa pili wa vita ulikuwa na matatizo ya namna nyingine. ONUC, jeshi la Umoja wa Mataifa lililoundwa kufuatana na azimio nambari 143 la tarehe 14 Julai 1960, lilifikia karibu askari 20,000 kutoka mataifa mengi. Katika Katanga peke yake walipishana Waswidi, Waayalandi, Wahindi na Wahabeshi. Kila kikosi kilikuja na lugha yake, mazoea yake na vyombo vyake. Kuunganisha jeshi la namna hiyo kulihitaji watu wa kati, na kazi hiyo ilipewa kikosi cha ishara cha Kanada, watu karibu 300, waliokuwa na kituo kikuu Léopoldville na vikundi mikoani. Sababu mojawapo ya kuchaguliwa kwao ilikuwa ya kiisimu: Kanada ilikuwa na askari waliojua Kiingereza na Kifaransa pamoja.

Lakini wingi wa lugha, uliokuwa mzigo katika utawala, uligeuka kuwa ngao katika mapigano. Septemba 1961, kampuni ya Waayalandi wapatao 155, chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa Jadotville. Vikosi vilivyotumwa kuwaokoa vilizuiliwa kwenye daraja la Lufira. Kwa siku kadhaa redio ndiyo iliyokuwa kamba pekee kati yao na Elisabethville, na katika mawasiliano hayo Waayalandi walitumia Kiayalandi, lugha ambayo hakuna aliyetarajiwa kuifahamu upande wa majandarme. Hatimaye kampuni ilisalimu amri baada ya kuishiwa risasi na maji. Tunaona hapa kikomo cha siri: lugha ililinda maneno yao, haikuweza kuwaletea maji.

Mambo yalikuwa kinyume kwa majandarme. Maofisa wao walikuwa Wabelgiji kwanza, kisha mamluki wa mataifa mbalimbali. Lugha ya amri ilikuwa Kifaransa, ambacho baadhi ya maofisa wa Umoja wa Mataifa walikijua. Askari wenyewe walikuwa watu wa Kiswahili, Kiluba, Kilunda na Kibemba. Kiswahili kingeweza kufikiriwa kuwa kinga dhidi ya Mwaswidi au Mhindi. Na kwa Mwaswidi peke yake kilikuwa kinga kweli. Bali Umoja wa Mataifa haukuwa peke yake mjini. Uliishi kati ya watu walewale waliozungumza Kiswahili hicho: watumishi, madereva, wakalimani, na kuanzia Agosti 1961, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kiluba waliokuwa wakitafuta hifadhi chini ya bunduki za ONUC katika kambi ya Elisabethville. Watu hao walikuwa na sababu zote za kuwachukia majandarme, na masikio yao yalielewa kila neno.

7. Masikio ya ONUC

Umoja wa Mataifa haukupenda neno “ujasusi”. Ofisi iliyofanya kazi hiyo iliitwa Tawi la Habari za Kijeshi, na mmoja wa walioiongoza alikuwa Mnorwe, Luteni Kanali Bjørn Egge. Mwanzoni usikilizaji ulikuwa wa kubahatisha. Inajulikana kwamba huko Bakwanga (Mbuji-Mayi), katika Kasai, kamanda wa Umoja wa Mataifa aliunda huduma ya kunasa mawasiliano kwa kutumia redio ya kawaida iliyouzwa madukani na wasikilizaji wa Kiluba. Mfano huu mdogo unastahili kutazamwa kwa makini. Chombo hakikuwa cha pekee. Mtu yeyote angeweza kukinunua. Kilichokuwa cha pekee ni sikio. Ngome ya masafa ilivunjwa kwa kuzungusha kitufe taratibu. Ngome ya lugha ilivunjwa kwa kumkalisha mwenyeji mbele ya kipaza sauti.

Kufikia mwaka 1962 kazi hiyo ilikuwa imepangwa vizuri zaidi, na matunda yake yalionekana mwishoni mwa mwaka. Tarehe 28 Desemba 1962 ONUC ilianza operesheni ya mwisho dhidi ya Katanga. Wasikilizaji walinasa amri za Jenerali Norbert Muke, mkuu wa jandarmeri, akiiagiza jeshi la anga la Katanga kupiga mabomu uwanja wa ndege wa Elisabethville usiku wa tarehe 29. Kabla ya usiku huo kufika, asubuhi ya tarehe 29, ndege za kivita za Uswidi zilishambulia uwanja wa Kolwezi-Kengere na kuziharibu ndege za Katanga zikiwa chini. Baada ya hapo majeshi ya Umoja wa Mataifa yalisonga mbele bila kuogopa anga: Jadotville ilishikwa tarehe 3 Januari 1963, Kolwezi tarehe 21 Januari, na kujitenga kukawa kumekwisha.

Hatudai kwamba Katanga ilishindwa kwa sababu ya redio. Ilishindwa kwa sababu nyingi, zikiwemo za siasa za Washington, Brussels na New York. Tunachodai ni hiki: amri ya kushambulia ilimfikia adui kabla haijatekelezwa, na tofauti ya saa chache kati ya kusikia na kutenda iliamua nani angekuwa na ndege siku ya pili.

8. Ukimya wa Ndola

Hadithi ya masafa ya Katanga haiwezi kukamilika bila usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Dag Hammarskjöld aliondoka Léopoldville kwenda Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, kukutana na Tshombe. Ndege yake ilikuwa ikikwepa Fouga Magister ya Katanga, ambayo siku hizo ilitawala anga. Mpango wa safari ulioandikishwa ulitaja Luluabourg (Kananga), na njiani rubani alikaa kimya kwa muda mrefu. Hapa wapangaji walitumia ngome nyingine, nayo ni kutosema kabisa. Hata hivyo ndege ilianguka karibu na Ndola, na wote waliokuwemo wakafa.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba mawimbi hayasahauliki upesi. Ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa katika kituo cha kusikilizia huko Kupro alisimulia baadaye kwamba alisikia rekodi ya rubani akieleza kuishambulia ndege kubwa. Jopo la Umoja wa Mataifa la mwaka 2015, likiongozwa na Mtanzania Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi yake, na kazi aliyoiendeleza kuanzia 2017, vimerudi mara kwa mara kwenye jambo lilelile: kuyaomba mataifa yaliyokuwa na masikio katika eneo hilo yafungue kumbukumbu za walichokinasa. Katika mabaki ya ndege palikuwa na mashine ya kufumba ujumbe ya aina ya CX-52. Kwa hiyo ngome ya fumbo nayo ilikuwepo, na swali la kama ilikuwa imara limebaki sehemu ya uchunguzi. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ukweli juu ya kifo cha Katibu Mkuu unatafutwa katika kumbukumbu za wasikilizaji.

9. “Tatu”: lugha si fumbo

Mfano mmoja kutoka mashariki ya Kongo unatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Aprili 1965 Wakuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuwasaidia wapiganaji wa upande wa Fizi. Viongozi wao walipewa majina ya namba za Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Ernesto Che Guevara aliitwa Tatu. Kila mtoto wa eneo hilo alijua maana ya “tatu”, na bado jina hilo liliweza kumficha mmoja wa watu waliotafutwa sana duniani.

Kwa nini neno linaloeleweka na wote liliweza kuficha, wakati amri za majandarme zilifichuka? Jibu ni kwamba lugha na fumbo ni vitu viwili. Lugha ya wachache huficha maana kwa asiyeijua tu. Siku atakapopata mkalimani, pazia lote huanguka kwa mara moja. Fumbo huficha kwa njia nyingine: huchukua neno ambalo wote wanalijua na kulimwaga maana yake ya kawaida, kisha kulijaza maana ambayo imekubaliwa na wachache. Mkalimani aliyebobea hawezi kukuambia “Tatu” ni nani. Jeshi linalotegemea lugha badala ya fumbo limeweka siri yake mikononi mwa watu wote waliozaliwa na lugha hiyo, na katika nchi yetu watu hao wamo pande zote za kila vita.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba masafa ya kijeshi ni kipimo cha dola. Msururu wa simu ya upepo ulijengwa ili kuifunga Katanga na Boma. Katanga iliyojitenga ilipata bendera bila kupata alama ya wito. Na Umoja wa Mataifa, ambao haukuwa dola, ulikuwa na alama yake. Tumeona pia kwamba mpango wa masafa hauandikwi na wanajeshi peke yao: jua, umbali na majira ya mvua huandika sehemu kubwa zaidi. Na tumeona kwamba lugha, ikiachwa kusimama peke yake, ni ngome ya muda.

Suala hili halijazeeka. Sheria ya mwaka 2002 ilianzisha mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano, ARPTC, na sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 imeupanga upya ugawaji wa masafa katika nchi yetu. Wakati huohuo, mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuvurugwa na kughushiwa kwa ishara za setilaiti za kuongozea ndege katika Kivu ya Kaskazini. Anga la Kongo bado linapiganiwa, na silaha bado ni wimbi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili iko kazi inayosubiri. Maopereta wa jandarmeri, wa jeshi la taifa, wa reli, wa migodi na wa misheni walikuwa na msamiati wao wa kazi: walivyoita masafa, zamu ya kuita, sauti inayofifia jioni, kituo kisichojibu. Msamiati huo haumo katika kamusi zilizotungwa pwani, na waliokuwa vijana mwaka 1960 sasa ni wazee sana au wamekwisha kututoka. Ukikusanywa mapema, utatupatia istilahi iliyotoka katika vinywa vya watumiaji, na utawapa wanahistoria aina ya ushahidi ambao kumbukumbu za Brussels na New York hazina. Mkusanyaji aanze na swali dogo: usiku, stesheni ilipopotea, mlikuwa mnasemaje?